Kuhama toka Kalemie mpaka Lubumbashi: bei ya njia si bei ya kuhama

Kila mwaka, masomo yanapofungwa katika mwezi wa saba, jamaa nyingi za Kalemie zinaanza kufunga vyombo. Huyu amehamishwa kazi, yule amepata nafasi katika kampuni ya migodi, mwingine ana mtoto anayeingia Chuo Kikuu cha Lubumbashi na ameamua kwamba heri wote wahamie huko. Ulizo la kwanza linalosikika karibu na stesheni na kwenye maegesho ya malori ni lile lile: nauli ni ngapi?

Ulizo hilo si baya, lakini likibaki peke yake linaharibu mambo. Jamaa inayohama kwa kuhesabu nauli tu inafika Lubumbashi ikiwa na vyombo vyote na mfuko mtupu. Baada ya majuma mawili au matatu ndipo shida zinaanza: mwenye nyumba anadai garanti, masomo yanadai feza za kuandikisha watoto, gunia la makala limekwisha, na mshahara bado. Mara nyingi jamaa inafika mwisho wa reli salama kabisa, halafu inakwama mjini.

Neno la kusema hapa ni moja. Kwa yeyote anayehama kwa hiari au kwa kazi, hesabu ya kuhama igawanywe katika mafungu matatu: kuondoka, njia, na kufika. Fungu la kufika ndilo linalopaswa kuwa kubwa kuliko mengine, na ndilo la kwanza kuwekwa kando. Kama halipo, jamaa nzima isihame bado.

Wapo ambao maneno haya hayawahusu. Watu waliokimbia risasi huko Kivu wakafika Kalemie na mtoto mgongoni hawakuwa na siku ya kupanga. Hao wanastahili msaada, si mafundisho. Makala hii inawahusu wale wenye mwezi mmoja, miwili au mitatu mbele yao, nao bado wanaondoka kama watu waliofukuzwa.

Njia yenyewe

Katika anga, Kalemie na Lubumbashi zinaachana kwa kilomita zisizofika 700. Lakini reli ya SNCC haiendi moja kwa moja. Inatoka ziwani kwenda Nyunzu na Kabalo, inageuka kuelekea Kamina, ndipo inarudi kwa Bukama, Tenke na Likasi mpaka Lubumbashi. Ni zaidi ya kilomita 1.200. Safari hiyo inagusa majimbo yote manne yaliyotokana na kugawanywa kwa Katanga mwaka wa 2015: Tanganyika, Haut-Lomami, Lualaba na Haut-Katanga.

Kila msafiri wa reli hiyo anajua kwamba siku ya kuondoka iliyotajwa si lazima iwe siku ya kuondoka kweli, na siku ya kufika ndiyo isiyojulikana zaidi. Mashine inaharibika, njia inafungwa, watu wanalala kwenye stesheni ndogo. Kwa hiyo mwenye hesabu nzuri hanunui tiketi tu. Anaweka chakula cha siku maradufu ya zile alizoambiwa, maji, dawa za malaria na za kuhara kwa watoto, na feza kidogo za kununua vitu njiani, kwa sababu mahali treni inapokawia bei ya muhogo na ya maji inapanda.

Barabara inapita upande wa Pweto na Kasomeno. Wakati wa kiangazi lori linaweza kufika. Wakati wa mvua, yaani kuanzia karibu na mwezi wa kumi na moja mpaka wa ine, lori moja likizama katika matope linafungia njia yote iliyo nyuma yake. Tena kila jimbo lina vizuizi na taxe zake. Anayepatana bei na mwenye lori amuulize wazi: ni nani atalipa barabarani? Jibu liandikwe kwenye karatasi. Wengi wamelipa mara mbili kwa sababu jambo hilo lilisemwa kwa mdomo tu.

Kuna pia njia ya ziwa mpaka Mpulungu, halafu kuvuka Zambia na kuingia tena Kongo kwa Kasumbalesa. Wafanyabiashara wanaijua. Lakini kwa jamaa yenye watoto na vyombo vya nyumba, njia hiyo inaleta pasipoti, forodha mara mbili, na feza ya nchi nyingine. Na ndege ni ya watu na sanduku moja moja, haibebi nyumba. Hata hivyo, kwa mama mjamzito au mzee mgonjwa, tiketi ya ndege inaweza kuwa nafuu kuliko matibabu ya kuugulia njiani. Hesabu iliyo sawa inaweza kumpeleka mmoja kwa ndege na wengine kwa treni.

Jambo moja halifai kuingia katika hesabu yoyote: kupanda treni ya mizigo kwa siri ili kuokoa nauli. Mwezi wa tatu mwaka wa 2022, treni ya mizigo ilianguka Buyofwe, katika teritware ya Lubudi, na watu zaidi ya 70 wakafa. Wengi wao walikuwa juu ya mabehewa yasiyobeba abiria. Ukosefu wa treni za kutosha ni kosa la serikali na la kampuni, hilo ni wazi. Lakini baba anayeweka watoto wake juu ya mizigo ili feza ibaki kwa kubeba kabati amepima vibaya, kwa maana kabati linauzwa na lingine linanunuliwa.

Vyombo: vya kubeba na vya kuuza

Hapa ndipo feza nyingi zinapotelea. Watu wanaona haya kuuza vyombo vyao. Jirani atasema nini akiona viti vya saloni vinatoka? Basi vinafungwa vyote: viti, kabati, vitanda vya mbao, frigo ya zamani, hata milango iliyobaki ya nyumba ambayo haikumalizika kujengwa. Vinafika vimevunjika miguu, na bei ya kuvibeba imepita bei ya vipya.

Kipimo ni rahisi. Kwa kila kitu kikubwa, jamaa iandike namba mbili: bei ya kukibeba mpaka ndani ya nyumba mpya, na bei ya kupata kingine kama hicho, kilichotumika, huko Lubumbashi. Katika bei ya kubeba zisisahauliwe feza za wabeba mizigo wa Kalemie, za wale wa Lubumbashi, na za lori dogo toka stesheni mpaka kartie. Namba ya kwanza ikikaribia ya pili, kitu kiuzwe. Lubumbashi ina maseremala, ina masoko ya vitu vilivyotumika, na vitanda havikosekani.

Vya kubeba ni vile vinavyoleta chakula na vile ambavyo haviwezi kununuliwa tena: mashine ya kushona, vyombo vya fundi, sufuria nzuri, nguo, mablanketi, na karatasi. Mablanketi yasidharauliwe. Anayetoka pwani ya ziwa Tanganyika, kwenye joto, akifika Lubumbashi mwezi wa sita au wa saba, anakuta usiku wa baridi kali kwenye mji ulio juu ya mita 1.200. Mtoto anayelala sakafuni bila blanketi ataleta bei ya daktari katika juma la kwanza.

Mifuko ya ndakala kavu nayo ina nafasi yake. Ni chakula cha siku za kwanza, ni zawadi kwa ndugu anayepokea, na inaweza kuuzwa Lubumbashi kwa bei iliyo bora kuliko ya Kalemie. Mama wengi wamelipa juma zima la chakula kwa mfuko mmoja wa ndakala, na hakuna kabati lililofanya hivyo.

Kuuza kuanze mapema, mwezi mmoja au zaidi kabla ya safari. Anayeuza katika siku tatu za mwisho hana tena nguvu ya kupatana. Majirani wanajua kwamba lori linangoja, na kila mmoja anatoa nusu ya bei. Feza ya mauzo iende moja kwa moja kwenye fungu la kufika. Isiguswe kwa kunywa bia ya kuagana.

Madeni na likelemba

Fungu la kuondoka linasahauliwa kwa sababu watu wanadhani kuondoka ni bure. Sivyo. Kuna bili ya maji na ya umeme, kuna deni la duka la kona, kuna feza za kuchukua bulletin za watoto kama masomo yalikuwa yanadai. Kuna pia likelemba au AVEC. Aliyekwisha kupokea zamu yake analazimika kumaliza michango, na asipofanya hivyo anaharibu jina lake na la waliomdhamini. Ambaye zamu yake haijafika azungumze na wenzake mapema, pengine abadilishane zamu, ili feza hiyo imsaidie kuhama badala ya kubaki nyuma.

Na garanti ya nyumba ya zamani? Hiyo ni feza ya mpangaji. Ajulishe mwenye nyumba kwa maandishi na mapema, wapite wote wawili katika vyumba, waandike kilichoharibika na kisichoharibika. Anayetoka usiku na vyombo vyake anaacha feza yake mwenyewe kwa mkono wa mtu mwingine. Feza hiyo ingekuwa mwanzo wa garanti ya Lubumbashi.

Kufika: fungu kubwa

Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kukodisha nyumba inasema wazi: kwa nyumba ya kukaa, garanti haipaswi kupita miezi mitatu. Katika miji mingi ya Kongo mambo ni tofauti. Wenye nyumba wanaomba miezi sita, wengine zaidi, na komisioneri anadai sehemu yake juu ya hiyo, mara nyingi kodi ya mwezi mzima.

Mfano mdogo unaonyesha uzito wake. Nyumba ya dola 100 kwa mwezi, kwa sheria, inaomba garanti ya dola 300. Mwenye nyumba akiomba miezi sita, ni dola 600. Ukiongeza dola 100 za komisioneri, ni dola 700 kabla ya kununua hata kijiko. Jamaa iliyofika na dola 250 mfukoni haiwezi kuzungumza sheria na mtu yeyote. Itachukua chumba chochote, katika kartie yoyote, mbali na kazi na masomo, halafu italipa tofauti hiyo kila siku kwa nauli ya taksi na pikipiki.

Ndiyo maana yule anayeajiriwa au kuhamishwa aende kwanza peke yake, kama inawezekana. Mwezi mmoja au miwili, kwa ndugu au katika chumba kidogo. Ajue kartie ipi ina maji ya Regideso na ipi inachota kisima, wapi umeme wa SNEL unapotea siku tatu, wapi mvua inaingia ndani ya nyumba. Nyumba ya Ruashi na nyumba ya Kamalondo hazina bei moja wala umbali mmoja na kazi. Aliye mjini anaona kwa macho yake. Aliye Kalemie anaonyeshwa picha kwenye simu na kutuma feza kwa mtu ambaye hamjui. Feza ya garanti isitumwe kwa yeyote kabla mtu wa jamaa hajaingia ndani ya nyumba, hajaongea na mwenye nyumba mwenyewe, na hajapata mkataba na risiti.

Baada ya garanti, kuna miezi mitatu ya kula. Jamaa iliyozoea samaki wa ziwa kwa bei ya pwani itakuta samaki ni kitu cha kupimia. Bunga ya mahindi ndiyo chakula cha Lubumbashi, na bei yake inategemea sana mahindi ya Zambia. Mpaka ukifungwa au mavuno yakiwa madogo, bei inapanda kwa siku chache. Makala ni ghali, na mbabula inakula kila siku. Kodi inadaiwa kwa dola, lakini wengi wanapata feza yao kwa franka, na kiwango cha kubadilisha hakikai mahali pamoja. Kwa hiyo fungu la garanti lihifadhiwe kwa feza ile ile itakayodaiwa, na noti ziwe safi, kwa maana noti ya dola yenye mpasuko mdogo inakataliwa kila mahali.

Feza yote isisafiri katika mfuko mmoja. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zinafanya kazi katika miji yote miwili; gharama ya kutoa ni ndogo kuliko hasara ya kuibiwa kwenye stesheni.

Na watoto? Elimu ya msingi katika masomo ya serikali imekuwa bure tangu mwaka wa masomo wa 2019, lakini secondaire bado inalipwa, na daftari, unifomu na nauli hazikufutwa na mtu yeyote. Heri kuhama katika likizo kubwa, ili mtoto aanze mwezi wa kenda pamoja na wengine, akiwa na bulletin mkononi. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, aliyekwisha kuandikishwa kwa Exetat katika masomo yake ya Kalemie, abaki kwa ndugu mpaka amalize. Mwaka mmoja uliopotea una bei kubwa kuliko tiketi ya pili.

"Ndugu yuko huko"

Wengi watajibu kwamba hesabu hizi ni za Wazungu na za matajiri. Mkongo ana ndugu, na ndugu atampokea. Ni kweli kwamba ndugu anapokea. Mji wa Lubumbashi ulijengwa na watu waliopokelewa na ndugu zao. Lakini yule ndugu ana vyumba viwili na watoto watano. Jamaa ya watu saba ikiingia bila siku ya kutoka, mwezi wa kwanza ni furaha, mwezi wa pili mama wawili wanagawana mbabula moja kwa ukimya, mwezi wa tatu udugu umevunjika. Kupanga si kukataa ndugu. Ni kumwambia kabla ya safari: "Kaka, tutakuja watu watatu, kwa majuma matatu, na bunga tutanunua sisi." Ndugu aliyeambiwa hivyo anafungua mlango kwa roho nyeupe.

Wengine watasema kwamba maskini hana cha kupanga. Ni kinyume chake. Tajiri akikosea atanunua tena. Mwenye dola 400 akikosea mara moja hana safari ya kurudi. Dola hizo 400 zikibeba vyombo na watu saba kwa pamoja zinaisha Likasi. Zikimpeleka mmoja kwanza, na vitu vizito vikiuzwa, zinaweza kununua miezi miwili ya kutafuta nyumba kwa utulivu.

Wajibu usio wa jamaa peke yake

Mzigo huu si wa baba na mama tu. Sheria ya kazi ya mwaka wa 2002 ina sehemu nzima juu ya safari na usafirishaji wa mfanyakazi. Anayeambiwa "umehamishwa, juma lijalo uwe Lubumbashi" asikubali kwa kichwa tu. Aulize kwa maandishi nani analipa safari yake, ya bibi na watoto, na ya mizigo. Aulize mshahara wa mwezi wa kwanza utatoka wapi na lini. Amwone mjumbe wa sindika kabla ya kutia sahihi. Mwajiri anayehamisha mtu bila feza ya kuhama anachukua mkopo kwa nguvu kutoka kwa watoto wa mfanyakazi wake.

Serikali nayo ina deni. Sheria ya garanti imekuwapo tangu mwisho wa 2015, na ofisi za makao katika komini zinajua kwamba inavunjwa kila siku. Viongozi wa Lubumbashi wangeanza na jambo dogo: kubandika kwenye kila ofisi ya komini, kwa Kiswahili, kwamba garanti ya nyumba ya kukaa ni miezi mitatu na si zaidi, na kupokea malalamiko ya wapangaji bila kuwadai feza. Ubao mmoja wa namna hiyo ungewafaa wageni kuliko hotuba nyingi.

Lakini treni haitangoja ubao huo. Jamaa iliyo na likizo hii kama tarehe yake ichukue daftari leo, ichore mistari miwili, ipate mafungu matatu. Ianze kuandika kutoka mwisho: miezi mitatu ya Lubumbashi, garanti, masomo ya watoto. Halafu njia. Halafu kuondoka. Jumla ikipita feza iliyopo, wa kwanza kubaki Kalemie awe kabati, wa pili viti vya saloni. Bado haitoshi? Basi aende mmoja, wengine wafuate wakati nyumba imepatikana.